UMEME WA TAKA: Sumu inayobaki katika jivu na jinsi ya kuidhibiti

MELI iliyoitwa Khian Sea iling'oa nanga mjini Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1986 ikiwa na takriban tani 14,000 za jivu la taka zilizoteketezwa katika jiji hilo. Bahamas ilikataa kuipokea, na mataifa mengine kadhaa ya Karibea na Amerika ya Kati yakafuata mkondo huo huo. Mapema mwaka wa 1988, tani 4,000 hivi zilimwagwa kwenye ufuo karibu na mji wa Gonaïves, nchini Haiti, stakabadhi zikidai kwamba shehena hiyo ilikuwa mbolea.

Serikali ya Haiti ilipotambua ukweli, iliamuru jivu lirejeshwe melini. Meli ilikuwa imekwisha kuondoka. Shehena iliyosalia ilitupwa baharini, na lile la Haiti likakaa nchini humo hadi mwaka wa 2000. Mwaka wa 2002 ndipo lilipozikwa katika jimbo la Pennsylvania, lilikotoka miaka 16 iliyotangulia.

Afrika nayo haikusazwa. Mwaka wa 1988 tani 15,000 za jivu la Philadelphia zilishushwa katika kisiwa cha Kassa, karibu na mji mkuu wa Guinea, Conakry. Safari hii liliitwa malighafi ya kutengenezea matofali. Mimea ya kisiwani ilipoanza kunyauka, serikali ya Guinea ilishikilia kuwa lazima mzigo huo uondolewe.

Mwaka uliofuata mataifa yalikubaliana kuhusu Mkataba wa Basel, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari kutoka nchi moja hadi nyingine. Katika kiambatisho cha pili cha mkataba huo mna aina mbili za taka zilizotajwa tangu mwanzo kuwa zinahitaji uangalifu wa pekee: taka za majumbani, na mabaki ya kuteketezwa kwa taka hizo za majumbani.

Tunakumbusha habari hizi kwa sababu kila baada ya miaka michache wakazi wa Nairobi huahidiwa kiwanda cha kuzalisha umeme kutokana na taka. Wakati wa lililokuwa Shirika la Huduma za Jiji la Nairobi (NMS), lililohudumu kati ya 2020 na 2022, kampuni ya KenGen ilikubali kushirikiana nalo kujenga kiwanda cha aina hiyo Dandora. Mipango huja na kubadilika, lakini hotuba hufanana: huzungumzia megawati, ajira na usafi wa jiji. Jivu halitajwi.

Jivu la aina mbili

Taka zikiteketezwa katika tanuri la kisasa, mabaki hugawanyika mafungu mawili. La kwanza ni jivu zito linalodondoka chini ya tanuri, lililochanganyika na vigae, misumari na vioo. Kila tani moja ya taka huacha kilo 200 hadi 300 za jivu hili. Nchi nyingi za Ulaya hulichuja vyuma vyake, kisha hulitumia chini ya barabara.

Fungu la pili ni jivu jepesi linalopeperuka pamoja na moshi na kunaswa na vichujio kabla ya kufika kwenye dohani. Katika makala haya tutaliita jivu la moshi. Ni laini kama unga wa ngano, rangi yake ni kijivu au nyeupe, na kiasi chake ni kidogo: kilo 20 hadi 40 kwa kila tani ya taka. Hata hivyo, sumu kubwa ya taka hujikusanya humo.

Yafaa msomaji asilichanganye na jivu la makaa ya mawe, ambalo viwanda vya saruji hulitafuta na kulilipia. Majina yanafanana katika lugha za kigeni, na wapo wafanyabiashara waliofaidi mfanano huo.

Sababu ya sumu kujikusanya ni rahisi kuieleza. Ndani ya tanuri joto hupita nyuzi 850 za Selsiasi. Metali kama kadimiamu, zebaki, zinki na risasi (ile iliyomo ndani ya betri za magari) hugeuka mvuke, au huungana na klorini na kupaa na moshi. Moshi unapopoa, mvuke huo huganda juu ya chembechembe za jivu. Klorini yenyewe hutokana na chumvi ya vyakula na plastiki za PVC, zile zinazotumika kutengenezea mabomba na nyaya.

Kisha huja dioksini. Mwaka wa 1977 watafiti wa Amsterdam, wakiongozwa na Kees Olie, waligundua kemikali hizo katika jivu la moshi la viwanda vya taka nchini Uholanzi. Dioksini husababisha saratani na kuvuruga homoni, na hukaa katika mafuta ya wanyama na binadamu kwa miaka mingi. Kilichowashangaza wengi baadaye ni kwamba moto mkali huziangamiza, lakini moshi unapopoa na kupita kati ya nyuzi 450 na 200, huundwa upya juu ya jivu lenyewe. Kaboni ambayo haikuungua, klorini na chembe za shaba ndivyo viungo vyake.

Kwa hivyo viwanda vya kisasa hupoza moshi haraka, hupulizia chokaa ili kufyonza asidi na mkaa maalumu wa kunasa zebaki na dioksini, halafu huupitisha moshi katika mamia ya mifuko ya kitambaa. Moshi unaotoka kwenye dohani huwa safi kiasi cha kustahili sifa. Chokaa, mkaa na kila kilichonaswa huishia katika jivu. Kadiri mashine inavyosafisha moshi vizuri, ndivyo jivu linavyozidi kuwa baya. Kichujio hakiiangamizi risasi wala kadimiamu, huihamisha tu.

Wahenga walituonya dhidi ya kuruka majivu na kukanyaga moto. Katika jambo hili onyo lingefaa kugeuzwa.

Mayai ya Newcastle

Anayedhani huu ni wasiwasi wa wanasayansi na aangalie yaliyotokea Newcastle, Uingereza. Kati ya 1994 na 1999, jivu kutoka kwa kiwanda cha taka cha mtaa wa Byker lilitandazwa kwenye vijia vya mashamba madogo ambako wakazi hukuza mboga na kufuga kuku. Jivu zito na jivu la moshi yalikuwa yamechanganywa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Vijia vilikuwa na matope, nalo jivu lilikuwa bure.

Uchunguzi ulipofanywa, dioksini na metali zilipatikana kwenye vijia hivyo, na dioksini zikapatikana pia katika mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa pale. Wakazi walishauriwa wasile mayai hayo wala nyama ya kuku wao, na jivu likaanza kuzolewa. Kama hilo liliwezekana katika nchi yenye maabara na wakaguzi kila pembe, si vigumu kuwaza lori la jivu la bure lingepokewaje katika mtaa wetu wowote wenye matope wakati wa masika.

Namna za kulitibu

Zipo mbinu kadhaa, nazo hazilingani kwa bei wala kwa matokeo. Iliyozoeleka zaidi ni kulichanganya jivu na saruji, maji na dawa zinazoshika metali, likawa mawe yanayoweza kuzikwa. Uchina hutumia njia hii kwa wingi. Nchini humo jivu la moshi limo katika orodha ya taka hatari, lakini sheria iliyoanza mwaka wa 2008 iliruhusu lizikwe katika jaa la taka za kawaida, sehemu yake ya pekee, iwapo limetibiwa na kufaulu vipimo. Kimojawapo kilikuwa kwamba kilo moja isizidi mikrogramu 3 za dioksini.

Kasoro ya saruji ni chumvi. Kilo 10 za jivu la moshi zinaweza kubeba kilo 1 hadi 3 za klorini katika umbo la chumvi. Chumvi huzuia saruji kushikamana vyema, na mvua ikinyesha huyeyuka na kuacha matundu ambamo maji hupenya. Aidha, saruji haiangamizi dioksini. Huzifungia tu.

Ndiyo maana wengine huliosha jivu kwanza. Kilo moja huhitaji lita kadhaa za maji, na sehemu kubwa ya chumvi hutoka. Karibu na Beijing kipo kiwanda cha saruji kinachoosha jivu na kisha kulitia ndani ya tanuri lake la nyuzi 1,450, ambamo dioksini huangamia na mabaki kugeuka saruji. Bila kuoshwa, chumvi ingeganda ndani ya tanuri na kuliziba. Njia hii yavutia, ila maji ya kuoshea nayo hubeba metali na lazima yasafishwe. Jiji ambalo mabomba ya baadhi ya mitaa yake hukauka kwa siku kadhaa kila wiki lina haki ya kuuliza maji hayo yatatoka wapi.

Risasi ina tabia ambayo wahandisi wengi huijua kwa kuchelewa. Chokaa iliyopuliziwa kwenye moshi hulifanya jivu kuwa na alkali kali mno, na katika hali hiyo risasi huyeyuka kwa urahisi. Alkali ikipungua kiasi, risasi hutulia na kukataa kuyeyuka. Mtu akipima jivu wakati huo, ataridhika. Lakini likikutana na asidi, risasi huyeyuka tena, na kadimiamu pamoja nayo.

Asidi hiyo hutoka wapi? Hutoka katika maganda ya ndizi, ugali uliolala na sukuma wiki iliyooza. Taka za vyakula zinapooza chini ya rundo lisilo na hewa, hutoa asidi. Ndiyo sababu jivu la moshi halifai kabisa kuzikwa pamoja na taka za kawaida, hata likiwa limetibiwa. Shimo lake liwe peke yake, lenye sakafu isiyopitisha maji na paa au mfuniko wa kuzuia mvua. Vipimo vya maabara hufuata mantiki hiyo hiyo. Nchini Marekani jivu huzungushwa ndani ya asidi hafifu, mfano wa siki, kwa saa 18. Lita moja ya maji yake ikiwa na miligramu 5 za risasi au zaidi, au miligramu 1 ya kadimiamu, basi hiyo ni taka hatari. Mwaka wa 1994 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba viwanda vya taka vya miji havina msamaha kuhusu jivu lao. Tangu hapo vingi huchanganya jivu la moshi na lile zito kabla ya kupima, na mchanganyiko hufaulu. Ni halali, lakini mwandishi huyu haoni tofauti kubwa kati ya hilo na kuongeza maji katika maziwa.

Zipo dawa za kisasa zinazoshika metali, na pia fosfeti, ambayo huungana na risasi na kufanya madini yasiyoyeyuka kwa urahisi. Fosfeti huaminika zaidi kwa muda mrefu; hizo dawa nyingine huanza kulegea kadiri miaka inavyopita.

Japani ilichagua moto juu ya moto. Ardhi ya kuzikia taka ilikuwa adimu, kwa hivyo miji mingi ilijenga matanuri ya kuyeyusha jivu kwa zaidi ya nyuzi 1,300 hadi likawa kama kioo. Dioksini huangamia na metali nyingi hufungwa ndani ya kioo hicho, ambacho huweza kutumika barabarani. Lakini metali zinazogeuka mvuke hupaa tena na kufanya jivu jipya la moshi, kidogo zaidi na kali zaidi. Tena matanuri hayo hula umeme na mafuta mengi, na katika miaka ya 2010 baadhi ya miji iliyazima. Iliyo nafuu zaidi ni mbinu nyingine wanayoitumia, ya kulipasha jivu joto la nyuzi 350 hadi 400 mahali pasipo na oksijeni ya kutosha. Hapo dioksini huvunjika, ijapokuwa metali hubaki na lazima zishughulikiwe kwa njia nyingine.

Uswisi imekwenda mbali kuliko wengi. Viwanda vyake vina mitambo ya kuosha moshi kwa maji, na maji hayo huwa asidi. Badala ya kununua asidi, hutumia hiyo hiyo kuloweka jivu na kuziyeyusha metali. Katika kiwanda cha Zuchwil, zinki iliyopatikana kwa njia hiyo husafishwa hapo hapo na kuuzwa. Sheria ya taka ya nchi hiyo iliyoanza kutumika mwaka wa 2016 iliagiza metali zitolewe katika jivu la moshi, na viwanda vikapewa muda wa kujiandaa.

Norway ilipata bahati ya majirani. Katika kisiwa cha Langøya, kwenye ghuba ya Oslo, palikuwa na machimbo ya mawe ya chokaa yaliyoshuka chini ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya ghuba kilikuwepo kiwanda chenye asidi nyingi ya salfa isiyotakikana. Jivu lina alkali, asidi ni asidi. Vikichanganywa hupatikana jasi inayozishika metali, nayo hujaza machimbo. Jivu limekuwa likipelekwa huko hata kutoka nchi jirani. Machimbo nayo hujaa, na pendekezo la kuhamishia kazi hiyo Brevik lilizua upinzani mkali wa wakazi. Ujerumani na Uingereza, kwa upande wao, huteremsha jivu ndani ya migodi ya chumvi, mamia ya mita chini ya ardhi, ambako maji hayafiki. Hapo halitibiwi sana. Linafichwa, na pengine mahali pazuri pa kulificha ndiyo tiba ya bei nafuu kwa wenye mgodi.

Hesabu ya Nairobi

Nairobi huzalisha takriban tani 2,400 za taka kwa siku, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi. Tuchukulie kiwanda cha kuteketeza tani 1,000 tu. Jivu la moshi litakuwa tani 20 hadi 40 kila siku, yaani malori mawili hadi manne ya tani 10, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa mwaka ni tani 7,000 hadi 14,000. Khian Sea nzima, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili.

Litapelekwa wapi? Jaa la Dandora, lililoanza mwaka wa 1975 na kutangazwa limejaa 2001, ni machimbo ya zamani kando ya Mto Nairobi, yasiyo na sakafu ya kuzuia maji. Humo zaidi ya nusu ya taka ni vyakula na vitu vinavyooza, yaani asidi ile ile inayoyeyusha risasi. Mwaka wa 2007 utafiti uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao yake Gigiri, uliwachunguza watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na hakuna dawa ya kuirejesha. Kuongeza jivu la moshi juu ya rundo hilo kungekuwa kuwarudia watoto wale wale.

Ethiopia ilitutangulia. Baada ya jaa la Koshe mjini Addis Ababa kuporomoka Machi 2017 na kuua zaidi ya watu 110, kiwanda cha Reppie kilizinduliwa kando yake Agosti 2018, kikiwa cha kwanza cha aina yake barani. Kilikusudiwa kuteketeza tani 1,400 kwa siku. Mwenye kupanga kiwanda Nairobi hana haja ya kusafiri hadi Ulaya kujifunza. Taka za Addis ni mbichi na zina maji mengi kama zetu, na safari ya ndege haifiki saa tatu.

Sehemu ya tiba hufanyika kabla ya moto kuwashwa, nayo ndiyo rahisi kuliko zote. Betri zikitolewa katika taka, kadimiamu na risasi hupungua. Nyaya na mabomba ya PVC yakitengwa, klorini hupungua. Vyakula vikigeuzwa mboji, tanuri hupata taka kavu zinazoungua vizuri, na moto mzuri huacha kaboni kidogo ya kuundia dioksini. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inawataka Wakenya watenganishe taka wanapozizalisha. Katika mitaa mingi, ndoo bado ni moja.

Kenya iliidhinisha Mkataba wa Stockholm mwaka wa 2004, na mkataba huo unavitaja viwanda vya kuteketeza taka miongoni mwa vyanzo vya dioksini ambavyo kila mwanachama anapaswa kuvidhibiti. Kwa hivyo mkataba wowote wa kiwanda, kabla ya kutiwa saini, unapaswa kujibu maswali machache yasiyohitaji shahada ya kemia. Jivu la moshi litatibiwa kwa mbinu gani, na litafungwa vipi likiwa njiani? Shimo lake ni lipi, na limechimbwa tayari? Nani atalipima, kila baada ya muda gani, na matokeo yatachapishwa wapi? Mwekezaji akiondoka baada ya miaka 20 au 25, nani atalipia ulinzi wa shimo hilo?

Swali la mwisho ndilo ghali. Bei ya umeme hukokotolewa kwa miaka ya mkataba, ilhali risasi iliyozikwa haipungui makali kwa kuzeeka. Ikiwa gharama ya jivu haimo ndani ya bei ya umeme, basi imo kwenye bajeti ya kaunti, hata kama haijaandikwa.